Mtu Maarufu wa Mtandaoni Ameuawa: Mwongozo Kamili kwa Mhariri wa Tanga

Habari ya kuuawa kwa mtu mwenye wafuasi wengi mtandaoni humfikia mhariri ikiwa imeshapita mikono mingi. Rafiki ameweka mshumaa kwenye status, jirani amerekodi gari la polisi akiwa dirishani, na mtu asiyejulikana ameunganisha vipande vya video za marehemu akavitilia muziki wa huzuni. Picha zipo, sauti yake ipo, hata ugomvi wake wa mwaka juzi na mteja aliyedai hela yake ya dera upo. Akiuawa mkulima wa Muheza au fundi wa Makorora, tunahangaika kupata japo picha ya pasipoti. Hapa tunazidiwa na vitu, na kwa kuzidiwa tunachukua kilicho karibu. Jioni tunakuta tumejaza ukurasa kwa mavazi ya marehemu, na aliyemuua hana hata sentensi mbili.

Nawaandikia wenzangu wa Tanga: wahariri wa redio, wawakilishi wa magazeti ya Dar es Salaam, na vijana wenye kurasa za habari Instagram na YouTube, ambao siku hizi ndio wanaotangulia kufika kwenye tukio. Mji wetu ni mdogo. Mama wa marehemu anakaa Mabawa au Duga, anasikiliza redio hiyo hiyo unayoihariri, na mdogo wake anasoma darasa moja na mwanao. Msimamo wangu ni mmoja na nitaurudia kila hatua: habari ni kuuawa kwake. Maisha yake ya mtandaoni yanaingia pale tu yanapotusaidia kujua alivyouawa, kwa nini hakulindwa, na kesi inakwendaje. Yakizidi hapo, tunamhukumu aliyekufa na kumsahau anayeshtakiwa.

Nitatumia mfano wa kubuni. Binti wa miaka 24, mkazi wa Ngamiani, anatengeneza video za vichekesho na mapishi, anauza madera kwa oda, na ana wafuasi laki tatu TikTok. Asubuhi amekutwa ameuawa chumbani kwake.

Hatua ya kwanza: thibitisha, na usiwatangulie ndugu zake

Ujumbe wa "pumzika kwa amani" hauthibitishi kifo, hata ukiandikwa na msanii mwenye wafuasi milioni mbili. Wanaoishi kwa video wanajua kutafuta kiki. Wapo waliojitangazia ajali, wapo waliojitangazia ndoa, na akaunti zinaibwa kila siku. Upande wa pili nao una hatari yake: watu wamezoea kiki kiasi kwamba mtu akiuawa kweli, nusu ya komenti zinacheka. Kwa hiyo tafuta angalau vyanzo viwili visivyotegemeana. Kamanda wa Polisi wa Mkoa, au afisa aliyepewa idhini ya kusema kwa niaba yake. Ndugu wa karibu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyeitwa kushuhudia mlango ukifunguliwa. Mhudumu wa chumba cha maiti pale Bombo usimguse. Siri ya wafu ni sehemu ya kazi yake, na ukimpa hela ya soda ili akutumie picha umeshiriki kuivunja.

Taarifa ya kwanza inaweza kuwa fupi hivi: "Polisi mkoani Tanga wanachunguza mauaji ya mwanamke aliyekutwa leo asubuhi katika eneo la Ngamiani. Hatutaji jina lake kwa sasa ili ndugu zake wa karibu waarifiwe kwanza."

Mtangazaji wako atalalamika kwamba jina limeshasambaa. Limesambaa, lakini bado lina shaka, na shaka hiyo ndiyo inayowapa wazee muda wa kumketisha mama yake na kumwambia taratibu. Chombo cha habari kikilitaja, shaka imekwisha. Pengine baba yake yuko ndani ya basi linalotoka Arusha, ndiyo kwanza linapita Korogwe, na hajaambiwa chochote zaidi ya "njoo nyumbani". Dereva amefungulia redio. Saa mbili au tatu za kusubiri hazitakuondolea msikilizaji yeyote wa maana.

Usitaje nyumba pia. Ngamiani kila barabara ina namba yake, na mwandishi asipozuiwa ataandika barabara ya ngapi, rangi ya geti na duka lililo mkabala. Umati utafika kabla polisi hawajamaliza kukusanya ushahidi, na wapangaji wengine wa nyumba hiyo watarekodiwa wakifua. Ngamiani inatosha.

Hatua ya pili: andika sentensi moja ubaoni

Kabla mtu yeyote hajafungua TikTok ya marehemu kutafuta "vitu", mhariri aandike ubaoni habari ni nini. Kwa mfano wetu: "Mwanamke ameuawa nyumbani kwake; polisi wanamshikilia mtu mmoja." Kila kitakacholetwa mezani kipimwe kwa sentensi hiyo. Alihamia chumba kipya mwezi uliopita kwa sababu alikuwa akifuatwa na mtu? Kinaingia. Alikuwa na gari ambalo watu hawajui alilipataje? Hakiingii, mpaka siku gari hilo litakapotajwa mahakamani.

Sentensi hiyo ndiyo inayozaa kichwa cha habari. "Mrembo aliyetikisa TikTok kwa kukata viuno akutwa amekufa kitandani" ni kichwa kinachouza mwili wa mtu aliyeuawa, na kinaficha mauaji nyuma ya neno "akutwa". "Mchekeshaji wa mtandaoni auawa Ngamiani, mmoja ashikiliwa" kina kazi yake, kilichomtokea, mahali na hatua iliyofikiwa. Alikuwa na kazi, basi itaje kazi. Aliandika vichekesho, alipika mbele ya kamera, aliuza nguo na kulipa kodi ya chumba kwa jasho hilo. Urembo haukuwa kazi yake, na hata kama angekuwa mwanamitindo, hakuuawa kwa sababu ya urembo.

Idadi ya wafuasi itajwe mara moja tu, kwa namba uliyoiona mwenyewe kwenye akaunti siku hiyo, kwa sababu inaeleza kwa nini mji mzima unazungumza.

Hatua ya tatu: jina gani, na la nani lisitajwe

Watu wa mtandaoni wengi wana majina mawili, na mara nyingine tofauti kati ya hayo mawili ndiyo iliyokuwa usalama wao. Qandeel Baloch, mwanamke wa Pakistan aliyepata umaarufu mtandaoni, ndiye mfano ninaowapa waandishi wapya. Hilo lilikuwa jina lake la mtandaoni. Mwaka 2016 vyombo vya habari vya kwao vilitoa jina lake la kuzaliwa, vikaonyesha nyaraka zake na kufukua ndoa yake ya zamani. Alisema anatishiwa, akaomba serikali imlinde. Julai 15 mwaka huo aliuawa na kaka yake katika nyumba ya wazazi wao mjini Multan. Aliyemuua ni kaka yake, na lawama ya damu ni yake. Lakini alichokuwa amekificha, waandishi ndio waliokitoa.

Kwetu, jina la ukoo linaweza kumwambia msomaji kabila, dini, kijiji na mzee gani wa Lushoto au Pangani ni babu yake. Tumia kwanza jina alilojulikana nalo, kwa kuwa ndilo alilolichagua. Jina rasmi lifuate polisi wakilitangaza au familia ikilitoa, na hapo pia uliza swali moja: alikuwa analificha? Kama ndiyo, muulize msemaji wa familia kabla ya kulichapa, kwa sababu huenda mdogo wake bado anajificha nyuma ya jina hilo hilo.

Watoto wake wasitajwe wala kuonyeshwa, hata kama mwenyewe alizoea kuwaweka kwenye video zake akiwa hai. Alipokuwa hai yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na sioni maslahi ya mtoto wa miaka minne katika kurushwa hewani akiulizwa mama yako yuko wapi.

Hatua ya nne: picha na video

Hapa ndipo nataka mhariri akae muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, kwa sababu neno baya unaweza kulirekebisha kesho, lakini picha ikishatoka hairudi.

Julai 2019, huko Utica katika jimbo la New York, msichana wa miaka 17 aliyekuwa na wafuasi Instagram aliuawa na mwanamume aliyemfahamu. Muuaji mwenyewe ndiye aliyeweka picha za maiti mtandaoni. Zilisambaa kwa kasi, wapo waliowatumia hata ndugu zake, na watumiaji wengine wakaanza kujaza mtandao picha za mawingu ya rangi ya waridi ili kuzifunika. Mei 13, 2025, mjini Zapopan katika jimbo la Jalisco nchini Mexico, Valeria Márquez alipigwa risasi akiwa laivu TikTok ndani ya saluni yake. Kipande cha sekunde zake za mwisho kilizunguka dunia, kingine kikikatwa kabla ya mlio, kingine kikitiwa ukungu.

Kuhusu huo ukungu nina msimamo mkali. Kutia ukungu kwenye picha ya maiti kunamwambia mtazamaji kwamba picha kamili ipo, na ataitafuta. Kadhalika kuandika "video tumeiona lakini hatuwezi kuionyesha" ukitaja kundi la WhatsApp inakozunguka. Usiionyeshe, usieleze ilivyo jeraha kwa jeraha, usiseme inapatikana wapi. Kama muuaji aliirekodi mwenyewe, kuna sababu ya ziada: alitaka ionekane, na kila anayeirusha anamtimizia haja. Na sekunde za mwisho kabla ya tukio, ambamo anacheka na hajui, nazo ziache. Mama yake atazikuta.

Basi tuweke picha gani? Picha ya uso, tulivu, ambayo yeye mwenyewe aliiweka hadharani, na ikiwezekana akiwa kazini: ameshika mwiko, ameshika maiki, anapima kitambaa. Usichague ile ya ufukweni Raskazone kwa sababu eti ndiyo yenye "likes" nyingi. Kumbuka pia kwamba kuwekwa hadharani hakufanyi picha kuwa ya kila mtu. Hakimiliki ina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni mpiga picha wa hapa hapa mjini ambaye simu yake unayo. Mpigie.

Kuna jambo gumu ambalo miongozo iliyoandikwa kwingine hailijui. Marehemu alizoea kuonekana kichwa wazi. Familia, kwa imani yake, inaomba itumike picha aliyojitanda mtandio, pengine ya Idd ya miaka sita iliyopita. Umsikilize nani? Wapo wanaosema familia ndiyo yenye neno la mwisho. Wengine wanasema ni kumvisha marehemu sura ambayo hakuichagua. Mimi nafanya hivi: siku ya kifo na siku ya mazishi nasikiliza familia, kwa kuwa wamo kwenye msiba na ombi lao halibadili ukweli wowote wa habari. Baadaye, tunapoandika kuhusu kazi yake, natumia picha aliyoiweka mwenyewe kama utambulisho wa akaunti yake, nikiwa nimewaarifu. Wakikataa kabisa, naandika bila picha ya uso. Lakini sikubali kuhariri picha na kumwongezea mtandio kwa kompyuta. Huo ni uongo, japo una nia njema.

Mtuhumiwa naye asionyeshwe uso kabla hajafikishwa mahakamani. Huenda mashahidi wakahitaji kumtambua kwenye gwaride la utambulisho, na picha yako inaweza kumpa wakili wake hoja ya kuangusha utambuzi huo.

Hatua ya tano: "wivu wa mapenzi"

Taarifa za polisi za mauaji ya wanawake mara nyingi humalizikia hapo: chanzo cha tukio ni wivu wa mapenzi. Sisi tunanakili, mtangazaji anasoma, na mji mzima umepata jibu kabla ya jua kuchwa. Tazameni sentensi hiyo inafanya nini. Inatoa sababu ya kuua siku ya pili ya upelelezi, wakati hakuna shahidi aliyesimama mahakamani. Inachukua maelezo ya upande mmoja, kwani aliyebaki hai kusema "nilikuwa na wivu" ni mmoja tu. Na inamwacha msomaji akimuuliza marehemu: ulimpa sababu gani?

Juni 2025 msichana wa miaka 17, maarufu TikTok, aliuawa nyumbani kwao Islamabad. Polisi walisema kijana waliyemkamata alikuwa akimtafuta mara kwa mara na msichana akimkataa. Mwandishi anaweza kuandika "penzi lililokataliwa", na anaweza kuandika "polisi: aliyekamatwa alikuwa akimsumbua mara kwa mara". Ukweli ni ule ule, lakini cha kwanza kinafanya mauaji yaonekane mwisho wa hadithi ya mahaba, na cha pili kinamwonya binti wa Chuda anayepigiwa simu usiku na namba asiyoitaka.

Kamanda akisema wivu wa mapenzi, mnukuu kwa jina na cheo, kisha uliza. Je, kulikuwa na vitisho? Marehemu aliwahi kuripoti kituo cha Chumbageni au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto? Lini? Alipewa msaada gani? Majibu ya maswali haya ndiyo habari ya siku ya pili, na mara nyingi hakuna mwandishi mwingine aliyeyauliza.

Tanga tuna mzigo wa ziada. Mhariri wa Dar es Salaam atakupigia: "Hapo hakuna mahaba ya Kitanga? Hakuna ndumba?" Sifa ya mji wetu, ya waja leo waondoka leo, imekuwa kichekesho cha nchi nzima, na akiuawa mwanamke wa Kitanga kichekesho hicho kinataka kuingia kwenye habari. Kikatae. Mwambie kwa adabu kwamba utampa maelezo ya polisi, maneno ya familia na ratiba ya mahakama. Ushirikina uandikwe tu kama umo kwenye hati ya mashtaka au ushahidi uliotolewa.

Hatua ya sita: mtu aliyekamatwa

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike anayo hatia. Basi akiwa mikononi mwa polisi ni mtuhumiwa. Akisomewa shtaka ni mshtakiwa. Neno "muuaji" lisubiri mpaka hukumu. Hata "amekiri", likitoka kwa polisi pekee, liandikwe kwa tahadhari au liachwe. Kaka wa Qandeel Baloch alikiri mbele ya kamera za waandishi, baadaye mahakamani akakana. Mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2022 akaachiwa huru na mahakama ya rufaa. Gazeti lililofunga mjadala siku ya kamera lilikuwa na miaka sita ya kuendelea kueleza.

Karibu zaidi na sisi, wengi wanakumbuka kifo cha Steven Kanumba, Aprili 7, 2012. Muigizaji mwenzake alishtakiwa kwanza kwa mauaji ya kukusudia, shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamtia hatiani kwa kosa hilo dogo na kumpa kifungo cha miaka miwili. Zaidi ya miaka mitano ilipita kati ya kifo na hukumu. Aliyeandika "muuaji" mwaka 2012 aliandika kitu ambacho mahakama haikukisema kamwe. Jina la muigizaji huyo naliacha makusudi: adhabu yake aliimaliza, na mfano unaeleweka bila hilo jina.

Mwandishi mpya aeleweshwe pia mwendo wa kesi, kwa kuwa wengi hukosea hapa. Mshtakiwa wa mauaji hufikishwa kwanza kwenye mahakama ya chini, shtaka linasomwa, naye hatakiwi kujibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Usiandike "alikaa kimya" au "hakukana", kana kwamba ukimya wake una maana. Dhamana hakuna kwa kosa hilo, basi usiandike "amenyimwa dhamana" kama vile hakimu ameona jambo. Kesi inaahirishwa mpaka upelelezi ukamilike, kisha inakwenda kusikilizwa Mahakama Kuu, Kanda ya Tanga, au mbele ya hakimu aliyeongezewa mamlaka.

Hatua ya saba: yaliyomo ndani ya simu

Siku ya tatu zitaanza kuja skrinshoti. Ujumbe wake wa inboksi, madeni, picha za faragha, sauti ya mwanamume asiyejulikana. Anayekuletea ana sababu zake, na marehemu hana nafasi ya kujibu. Picha za faragha zifutwe kwenye simu za ofisi siku hiyo hiyo, hakuna mjadala. Kuingia kwenye akaunti yake kwa nywila uliyopewa na rafiki ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imefanya taarifa za watu kuwa jambo la kushtakiana kweli kweli.

Ila vitisho alivyopokea ni kitu kingine. Kama alivionyesha mwenyewe hadharani, au familia imekupa na umethibitisha vimetoka kwa nani, viandike, kwa kuwa vinagusa swali la nani alijua na hakufanya kitu. Jina la aliyetishia lisubiri mpaka polisi au mahakama imtaje. Kisha mpelekee mpelelezi nakala, ukijua kwamba hiyo simu inaweza kuwa kielelezo.

Hatua ya nane: msibani

Mwili ukishafanyiwa uchunguzi na kukabidhiwa, mazishi huwa ya haraka, hasa kwa Waislamu. Mwandishi avae kwa heshima, avue viatu, akae jamvini kama wengine, na kamera ibaki kwenye begi. Atafute msemaji, mara nyingi mjomba au baba mkubwa, amwambie pembeni: "Shikamoo mzee, poleni sana kwa msiba. Natoka redioni. Sikuja kurekodi leo. Naomba kujua familia ingependa tuseme nini, na nini tusiseme." Nimeona milango mingi ikifunguliwa na maneno hayo, pengine kesho yake, pengine baada ya wiki.

Upande wa wanawake kamera haiingii. Mwandishi wa kike ataketi huko na atasikia mengi, maana wanawake wakilia husema yaliyo moyoni. Asiyatumie bila kurudi siku nyingine kumwomba aliyesema. Rambirambi atoe kwa jina lake mwenyewe kama jirani. Isitolewe na ofisi kwa kubadilishana na mahojiano. Mtu maarufu akiuawa, wenzake wa mtandaoni watakuja na wapiga picha wao na kulia mbele ya simu. Hiyo haituhusu. Tusirushe vilio vyao kama habari.

Komenti na hela

Funga komenti kwenye habari ya kifo kwa siku za mwanzo, au weka mtu wa kuzisafisha usiku na mchana. Ukurasa ni wako, na tusi linaloishi juu yake ni lako pia. Januari 2024, wanawake walipouawa jijini Nairobi katika nyumba za kupanga kwa siku chache, sehemu kubwa ya mazungumzo mtandaoni iligeuka kuwa waliendaje huko. Januari 27 maelfu waliandamana katika miji ya Kenya kukataa lugha hiyo pamoja na mauaji yenyewe. Ukiacha wazi sehemu ya komenti Tanga, utapata yale yale ndani ya saa moja.

Matangazo yazimwe kwenye video za habari hii. Usimtumie marehemu kuvutia watu wakufuate.

Baada ya arobaini

Kelele ikiisha ndipo kazi ya maana inapoanza, na ndipo wengi wetu tunapokimbia. Andika makala moja ndefu kuhusu alichokifanya: alianzaje, alijifunza wapi, nani aliishi kwa biashara yake ya madera. Andika nyingine kuhusu tatizo lenyewe. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenza au ndugu zao, na Afrika ndiyo iliyobeba idadi kubwa zaidi, karibu 21,700. Takwimu hizo zinamtoa binti wa Ngamiani kwenye kisa cha mtaani na kumweka mahali pake. Chini ya kila habari kama hiyo weka pa kukimbilia: Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu, na namba 116 kwa masuala ya watoto.

Mwandishi aliyefika eneo la tukio apewe mapumziko na mtu wa kuzungumza naye. Hapa kwetu kuna uwezekano mkubwa alimjua marehemu, pengine alimwagizia dera.

Kisha fungua faili. Liwe na namba ya kesi, tarehe ya kutajwa, jina la mwendesha mashtaka, orodha ya mambo ambayo familia iliomba yasitajwe na sababu zake. Kila kesi inapotajwa, mtu aende mahakamani, hata kama itaahirishwa tena, na habari fupi itoke. Familia ikirudi baada ya miaka miwili kuomba picha fulani iondolewe, sikiliza, na kama kuondoka kwake hakubadili ukweli wa habari, iondoe na uandike tarehe uliyoiondoa. Mshtakiwa akitiwa hatiani, habari itoke ukurasa ule ule ilipotokea habari ya kukamatwa kwake. Akiachiwa huru itoke hapo hapo, kwa ukubwa ule ule, na habari zote za zamani zenye jina lake ziwekewe maelezo juu kabisa, kabla ya sentensi ya kwanza, kwamba mahakama imemwona hana hatia.